Debe la Ng'ambo ya Mto

Tulipomzika Shangazi mwaka jana huko Kilelengwani, watu walilia wakasikika mpaka mashambani, lakini mdogo wangu Jilo hakutoa hata sauti. Wageni wasiomjua walinong'onezana kwamba yule bwana ana moyo mgumu, kwamba marehemu amemhangaikia utoto wake wote na yeye hata kilio hatoi. Machozi aliyatoa, tena mengi. Kilichokosekana ni pumzi ya kuyasindikiza. Kulia kwa sauti ni kazi ya kifua, na kifua cha Jilo kimekuwa na kazi moja tu tangu alipokuwa na miaka tisa, nayo ni kumfikisha kesho. Alikaa kando yangu kwenye mkeka, mabega yakipanda na kushuka, nami nikajikuta nafanya jambo nililodhani nimeshaliacha: nilinyamaza, nikatega sikio, nikaanza kufuatilia anavyovuta hewa na anavyoitoa. Papo hapo woga wa zamani ukarudi mzima mzima. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaonizidi urefu, lakini pale mkekani nilihesabu pumzi zake kama nilivyokuwa nikizihesabu nikiwa na miaka kumi na sita.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata mafuriko makubwa, mwaka wa tisini na nane. Yaliyotangulia nitayapitia haraka, maana siyo yaliyonitia hofu. Jilo aliugua uboho, ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Wa kwake uliacha kazi. Watu wa misheni wakatutafutia hospitali India, ndugu wote tukapimwa, na uboho uliofanana na wake ukawa wangu. Walinilaza kwa dawa, wakanitoboa mfupa wa nyonga, nikaamka na maumivu kama nimepigwa teke na punda. Kilichotoka kwangu kikaingizwa kwa Jilo kwa mrija, kikiwa ndani ya mfuko mwekundu wa kawaida kabisa. Nakumbuka nilivunjika moyo kidogo, kwa sababu nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Baada ya muda madaktari wakasema umeshika. Damu yote iliyokuwa ikizunguka mwilini mwa Jilo ilitokana sasa na chembe zangu, hata kundi lake la damu likageuka likawa langu. Nilitembea kwa maringo wodi nzima. Nilikuwa nimemwokoa ndugu yangu na sikuwa hata nimemaliza sekondari.

Tuliporudi tulifikia Garsen, mji wa barabarani karibu na kijiji chetu, maji yakiwa yamepungua. Nyumba yetu ya Kilelengwani ilikuwa imelala chini na Baba alibaki huko akiijenga upya na kupanda mpunga, kwa hiyo Mama alipanga chumba nyuma ya duka moja karibu na barabara, ili kituo cha afya kisiwe mbali. Kilikuwa chumba cha mawe chenye alama ya mafuriko iliyonifika kiunoni. Chini ya alama ukuta ulikuwa na rangi ya tope, na juu yake kulikuwa na ukungu mweusi wa madoadoa, ulionuka kama gunia bichi. India walikuwa wametuonya mpaka tukachoka: ukungu, vumbi, moshi, watu wanaokohoa, maziwa mabichi, matunda yasiyomenywa. Mama aliusugua ule ukuta kwa brashi na sabuni ya unga mpaka vidole vikachubuka. Ukungu ukatoka, mvua moja ikanyesha, ukarudi mahali pake. Akausugua tena. Alipika nje kwa makaa chini ya bati lililoegemezwa ukutani, mvua isimzuie, jua lisimzuie, na sima tuliyokula mwaka ule ilikuwa na mchanga kila siku. Hatukulalamika. Tulikaa watatu kitandani na sahani zetu magotini, Jilo akiwa na uso ulioumuka kwa sababu ya vidonge, anakula kama mtu aliyetoka kufunga. Akinimalizia samaki wangu nilimwambia, "Nirudishie damu yangu." Naye alijibu kila mara kwa neno lilelile, "Njoo uichukue, ila utaichukua pamoja na minyoo." Wavulana wa pale nyuma ya duka walimtania kwamba kwa kuwa ana damu ya msichana ataota matiti. Aliwaambia dada yake anaweza kuwapiga wote kwa mkono mmoja, basi wajihadhari na damu hiyo.

Jirani yetu alikuwa Mama Guyo, Muorma aliyehamia mjini baada ya mafuriko kumaliza ng'ombe wake wengi. Kila asubuhi alivifukiza vibuyu vyake vya maziwa. Alitia kijiti chenye kaa la moto ndani ya kibuyu, akafunika, akatikisa, moshi ukatoka mdomoni mwa kibuyu polepole, na maziwa yakitiwa humo hukaa siku kadhaa yakiwa na harufu tamu. Upepo ulituletea moshi wote chumbani. Mama aliona haya kumwambia, maana mwanamke huyu alitugawia maziwa bila kuombwa, nasi tuliyachemsha kwa siri ili tusimkosee heshima. Asubuhi moja Mama Guyo alisimama mlangoni petu, mtandio umemfunika mdomo. "Mimi nasikia hii mtoto," alisema. "Wakati inalala inapiga filimbi kidogo, hapa ndani. Ng'ombe ikipiga filimbi hiyo, sisi tunaanza kuomba Mungu. Moshi yangu nitapeleka kule ng'ambo ya kisima." Mama alimshukuru mpaka akazidisha. Aliporudi ndani alikaa kitandani, akaweka sikio kwenye mgongo wa Jilo aliyekuwa amelala, na nilimwona uso wake ukibadilika. Niliogopa kabla sijaambiwa kitu.

Kikohozi kilikuja taratibu, kikavu, bila homa. Kwanza Jilo aliacha kukimbia, akasema kukimbia ni kwa watoto. Kisha aliacha kumaliza sentensi. Angesema nusu, akasimama, akatabasamu kama aliyesahau neno, akamalizia. Kituo cha afya wakampa dawa ya kikohozi, halafu ya nimonia, halafu wakasema mpelekeni Nairobi. Daktari wa Nairobi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alimpulizisha Jilo kwenye mashine, akatazama picha za kifua, akatukalisha. "Damu imeshika vizuri sana," alisema. "Shida ni kwamba zile chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili na kupigana na wageni, zimetoka kwa dada yake. Zinapoyaona mapafu ya mtoto, zinayaona ni mgeni. Zinapigana nayo. Zile njia ndogondogo za hewa zinapata makovu, zinaziba."

Mama aliuliza polepole, "Kwa hiyo ni damu ya Mariamu inayompiga?"

"Unaweza kusema hivyo," alisema daktari. "Lakini si kosa la mtu yeyote."

Hilo la mwisho Mama hakulisikia, au alilisikia likakosa pa kukaa. Daktari akaongeza vidonge vya kuituliza damu, akaeleza kwamba sehemu ya mapafu iliyokwisha kufa hairudi, kinachowezekana ni kuizuia isiendelee. Akampa Jilo kipimo cha pumzi: bomba fupi la plastiki lenye mshale unaosukumwa na upepo wa mdomo, ubavuni lina rangi ya kijani, njano na nyekundu. Apulize kila asubuhi. Mshale ukianguka kwenye nyekundu, tumlete siku hiyohiyo, tusingoje. Alilirudia hilo akimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, pengine kwa sababu niliona aibu na nilikuwa nimejificha nyuma ya bega la Mama.

Sasa nafika kwa Shangazi. Alikuja Garsen kututazama na kikapu cha ndizi na kambare wa kukausha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuvuka mto, dada mkubwa wa Baba ambaye hakuna mtu katika ukoo aliyempinga. Nilimpenda sana. Alasiri ile yeye na Mama walikuwa nje wakipaa samaki wabichi, mimi nikiwa ndani namlaza Jilo, na dirisha halikuwa na kioo.

"Daktari alisema maneno gani hasa, wifi?" aliuliza Shangazi.

"Alisema damu ya Mariamu inapigana na mapafu ya mtoto."

"Alisema inapigana?"

"Inapigana. Neno ni hilohilo."

Kisu kiliendelea kukwaruza magamba, kisha kikanyamaza. "Damu ya ndugu itampigia nini ndugu, kama moyoni hamna kitu?" alisema Shangazi. "Huyu msichana aliachishwa shule mwaka mzima kwa ajili ya huyu. Aliulizwa kama anataka?"

"Aliulizwa. Alikubali."

"Nani atamuuliza mtoto jambo hilo, mtoto aseme sitaki? Na mimi nimemsikia leo hii kwa masikio yangu, anamwambia mwenziwe, nirudishie damu yangu."

"Ni mzaha wao, wifi."

"Mzaha huo unatoka wapi?" alisema Shangazi, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto, kwa huruma kabisa, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia.

Niliganda pale kitandani. Hata leo nikifikiri, naona kwamba Shangazi na daktari walisema sentensi moja, tofauti ni kwamba mmoja aliiambatanisha na moyo wangu. Na mimi, kwa miaka yangu kumi na sita, nilianza kuupekua huo moyo. Nilikuwa nimekubali kwa hiari? Ndiyo. Niliwahi kukasirika, nikiwaona wenzangu wa darasa wamevuka kidato na mimi nimebaki na wadogo? Ndiyo, mara nyingi. Niliwahi kumchukia Jilo? Sikujua tena. Nikijibu siyo, nilijiona mwongo. Nilianza kuamini kwamba hasira ninayoihisi mimi inasafiri ndani ya ile damu papo hapo na kumbana Jilo kifuani, hivyo nikawa najilazimisha nisikasirike na chochote, sima ya mchanga, mbu, mvua, na asiyekasirika kwa kulazimishwa anakasirika mara mbili. Siku moja nilijikata kidole nikimenya embe la Jilo. Damu ilitoka, nyekundu, ya kawaida, na nikaitazama kwa hofu kama ya mtu aliyeona nyoka chumbani. Nilikificha kidole ndani ya leso, nikatoka nje, nikakaa nyuma ya bati mpaka ikakauka. Tangu siku ile niliacha kulala kitanda kimoja na Jilo. Nikimpa maji niliweka kikombe mezani, achukue mwenyewe. Aliniuliza, "Dada, umeninunia?" nikasema nina mafua. Akajifunika mdomo kwa shuka upesi, kama alivyofundishwa, na mimi nikatoka nje tena.

Kila asubuhi ilianza kwa kipimo. Kabla ya chai, kabla ya kunawa uso, Jilo alisimama katikati ya chumba, akajaza kifua, akapuliza, na sisi wawili tukausogelea mshale. Ulianza kwenye kijani mwanzo wa mvua. Ukaingia kwenye njano, ukakaa huko muda, ukapanda kidogo tukachinja kuku, ukashuka. Mama aliacha kuniangalia usoni asubuhi. Jilo aliacha kuuliza umefika wapi. Kisha ikaja asubuhi ambayo mshale uliishia kwenye nyekundu. Alipuliza tena, ukaishia palepale, na Mama akakifuta kile kipimo kwa kanga yake, taratibu, kama kilikuwa na uchafu tu.

"Mama, daktari alisema siku hiyohiyo," nilisema.

Lakini Shangazi alikuwa ameshatuma salamu kwamba Kilelengwani wameandaa maji, tusafishwe mioyo kwanza, ndipo dawa ya hospitali ipate njia. Mama alikuwa akikunja nguo za Jilo. Hakuinua kichwa. "Daktari huyohuyo ndiye aliyesema ni damu yako," aliniambia. "Nimwamini nusu?"

Nilijaza maji yaliyochemshwa kwenye chupa ya Jilo.

Lori la mchanga lilitubeba mpaka ukingoni mwa mto; Kilelengwani iko ng'ambo. Kwetu, mtu akifika upande wa barabara humwita mwenye mtumbwi kwa kupaza sauti, na yule wa ng'ambo huitikia "Eee!" ndipo ujue umesikika. Kabla ya kuugua Jilo alikuwa bingwa wa kuita. Tungeshuka tu na yeye ameshakimbilia majini, viganja mdomoni, anaita mpaka bata wa mto wanaruka. Siku ile aliomba aite yeye. Mama akamwachia. Alisimama, akaweka viganja, akavuta hewa kwa namna iliyofanya mifupa ya shingo itokeze, akafungua mdomo, na kilichotoka ni ile filimbi ya Mama Guyo, basi. Akainama, mikono magotini, akitutazama kwa macho makubwa ya mtoto aliyetafuta kitu mfukoni akakikosa. Mama ndiye aliyeita. Sitaki kuisikia tena sauti ile.

Uani kwa Shangazi walikuwa wamekaa Baba, wake wa baba zangu wadogo, na majirani wawili watatu. Jambo lenyewe si geni pwani yetu: ndugu waliokosana hukalishwa, kila mmoja hutia maji mdomoni, hutamka kwamba kama ana kinyongo anakitema, kisha humpulizia mwenziwe maji yale kifuani. Nilishawaona wajomba zangu wakifanya hivyo kwa sababu ya ugomvi wa shamba, wakamaliza wamelowa na wanacheka. Mimi na Jilo tulikalishwa mkekani, magoti kwa magoti. Shangazi akanikabidhi kata ya maji ya mto, yenye rangi ya chai ya maziwa, na niliona kabisa kila onyo la India likiogelea ndani yake. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba Jilo hatakiwi kuguswa na maji yasiyochemshwa.

"Maji yaliyochemshwa yamekufa," alisema Shangazi kwa upole. "Hayabebi neno."

Nilimtazama Baba. Baba alitazama chini. Ukweli ni kwamba maji yalinitisha, lakini kuna kilichonitisha kuliko maji. Nikitamka yale maneno mbele ya watu na Jilo asipone, basi imekwisha, itajulikana kwamba niliyatamka kwa mdomo tu na kinyongo kikabaki. Ningekuwa nimemuua, na ushahidi ungekuwa ukoo mzima. Niliitua kata kando ya mkeka.

"Nianze mimi," alisema Jilo.

"Wewe hujakosa, baba," alisema Shangazi.

"Mapafu ni yangu. Pengine ndiyo yaliyoanza." Watu walicheka kidogo, na kweli yalikuwa maneno ya kuchekesha. Akachukua chupa yake ya plastiki, ya maji aliyochemsha Mama, ambayo hakuachana nayo hata akienda chooni. Akanitazama. "Dada," alisema, akapumzika, "kama nilikukosea, hata wale samaki," akapumzika tena, "nimetema." Akajaza mdomo, mashavu yakavimba, akajisogeza, akapuliza.

Maji yalimtiririka kidevuni. Alikunja uso, akajaza mdomo tena, akasukuma kwa bidii yote ya mwili, mabega, tumbo, shingo, na maji yakamwagika kwenye shati lake mwenyewe. Hayakunifikia hata magotini, na magoti yetu yalikuwa yamegusana. Midomo yake iligeuka rangi ya zambarau iliyoiva. Ua zima lilikuwa likisikiliza hewa ikimpita kwa shida, ikiingia nyembamba na kutoka nyembamba, na nadhani ndiyo mara ya kwanza wale watu walimsikia, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wakisikia habari zake. Jilo akanitazama akitaka kusema samahani. Nilisahau damu, nilisahau kila kitu, nikamshika nikambana kifuani, na nilihisi mbavu zake zikifanya kazi kama za mtu anayepandisha mzigo mlimani.

Shangazi alikuwa ameshaiokota kata, tayari kunirudishia. Aliinama akaweka kiganja mgongoni kwa Jilo, akakiacha hapo. Kisha akaimwaga kata ya maji ya mto mchangani. "Wifi," alimwambia Mama, na ile sauti ya kuvuka mto ilikuwa imeisha kabisa, "mtoto huyu hana hata pumzi ya kutema mate. Kinyongo gani tunachokitafuta? Simameni. Mwiteni mwenye mtumbwi." Alimbeba Jilo mgongoni yeye mwenyewe hadi majini, mwanamke wa umri ule, hakukubali Baba amsaidie, na alipanda mtumbwi nasi bila viatu.

Siku zile mabasi ya Malindi, ambayo ndiyo njia yetu ya kwenda Nairobi, yalikuwa yakiondoka Garsen kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi, na msafara wa siku ile ulikuwa umeshaondoka. Tulingoja hadi kesho yake. Usiku ule siusemi. Mama Guyo alitupa chumba chake kisicho na ukungu, akakaa mlangoni, na Shangazi alimwegemeza Jilo kifuani ili apumue akiwa ameketi. Asubuhi tulipopita Tarasaa na kuingia porini basi zima lilinyamaza, wanaume kwa wanawake, kila mtu akikodolea macho vichaka. Niliwaonea wivu. Walikuwa wakiogopa kitu kilicho nje ya basi.

Nairobi walimwekea hewa ya mtungi na dawa za nguvu, na kwa siku nyingi kitanda chake kilikuwa karibu na meza ya wauguzi, nikajua maana yake bila kuelezwa. Siku moja daktari wa miwani ya uzi alinikuta koridoni. Nilimuuliza kama wanaweza kuichukua tena damu yangu, waitoe yote. Alicheka, halafu akaona sichezi, akaketi kwenye benchi. "Hiyo damu ndiyo inayomweka hai," alisema. "Bila hiyo asingefika hata siku ya kuugua mapafu."

"Inampiga na inamlisha?"

"Vyote viwili. Sisi kazi yetu ni kuibembeleza iache kupiga. Na wewe huwezi kuisemesha, Mariamu. Haikusikii. Haijui hata kama umekasirika."

Nililia kwa sauti hata muuguzi akaja kuuliza ni nani amefariki. Nilifarijika, ndiyo, lakini pia nilikasirika vibaya sana, na nikashangaa jinsi ilivyo raha kukasirika bila kumdhuru mtu. Mshale wa Jilo ulipanda kutoka kwenye nyekundu, ukafika mwanzo wa njano, ukakwama hapo. Tulingoja upande zaidi. Haukupanda. Lakini haukushuka tena, wala mwaka ule, wala miaka iliyofuata, na daktari alisema hiyo ndiyo zawadi yenyewe.

Tuliporudi Kilelengwani mwisho wa mwaka, tulikuta debe kuukuu la mafuta limening'inizwa kwenye mti upande wa barabara, na chuma cha kulipigia kimefungwa kwa kamba. Shangazi alikuwa amelitundika mwenyewe. Alimwambia Jilo asiwe tena na haja ya kuita, alipige tu, na yeyote mwingine atakayeligusa atamkata mkono. Kisha akaniita pembeni, chini ukingoni. Alikuwa na chupa ya plastiki. "Nimeyachemsha," alisema. Akatia maji mdomoni, na baada ya kuyameza kwa bahati mbaya akacheka, akaanza upya. Alisema kama kuna woga aliouweka moyoni mwangu, ameutema, akanipulizia kifuani mpaka nguo ikanigandama. Uongo siwezi kusema, woga haukutoka wote. Ila nililowa, na nilipoa, na tulipanda ukingoni tumeshikana mikono.

Kwa miaka yote iliyofuata debe likilia ilijulikana ni Jilo, na aliyeitikia ni Shangazi, popote alipo, akipepeta mchele, akiswali, hata akiwa na wageni. Jilo amekuwa fundi wa redio na simu huko Tarasaa, ana mke na binti, anapanda ngazi kwa vituo. Siku ya pili ya msiba wa Shangazi alivuka kwenda barabarani kupokea sukari na unga wa matanga. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wengine nikichambua mchele. Jua lilikuwa kali. Debe likalia.

Kila mtu aliinua kichwa, na kila mtu akangoja. Niliona wanawake wakitazama mlango wa chumba cha Shangazi, kisha wakitazamana. Debe likalia tena, safari hii taratibu, kama anayelipiga naye ndiyo kwanza amekumbuka. Niliacha ungo, nikakimbia hadi ukingoni bila viatu, na nikamwona ng'ambo, mdogo, amesimama kando ya magunia na mkono mmoja kifuani. Niliitikia "Eee!" Akainua mkono. Mtumbwi ukaondoka kumfuata. Na mimi nikajaza kifua changu chote, hiki kifua changu kizima ambacho sikuweza kumgawia, nikaitikia tena, kwa muda mrefu, mpaka pumzi ikaniishia na machozi yakaja.

Aliposhuka majini alikuwa anahema, na alisubiri kwanza hewa imtoshe. "Dada," alisema, "nilikusikia mara ya kwanza."

"Najua," nilimwambia. "Ile ya pili ilikuwa kilio chako kwa Shangazi. Nimekulilia."